Kuhama chuo Texas: krediti zipi zitahesabiwa?

Mwanafunzi wa biashara aliyeanzia kampasi ya North Lake ya Dallas College, mjini Irving, Marekani, hukabiliwa mapema na swali: ahamie wapi kukamilisha shahada? Papo hapo Irving kipo Chuo Kikuu cha Dallas, cha Wakatoliki. Jirani, Richardson, kipo Chuo Kikuu cha Texas tawi la Dallas.

Majina yakaribiana, lakini cha kwanza ni cha binafsi, cha pili ni cha umma, na hapo ndipo penye uzito. Sheria ya Texas huvitaka vyuo vya umma, kikiwamo cha Houston, vipokee kwa pamoja krediti 42 za masomo ya msingi alizokamilisha mwanafunzi. Vya binafsi havibanwi nayo.

Hata hivyo, kupokelewa si kuhesabiwa. Somo la uhasibu laweza kupokelewa kama la hiari tu, kisha likarudiwa, kwa ada mpya. Ni busara kudai jibu la maandishi, somo kwa somo, kabla ya kulipa chochote.

Mwenye viza ya F-1 ana sharti la ziada: chuo anachokiacha kihamishe kumbukumbu zake za uhamiaji, naye aanze masomo mapya ndani ya miezi 5.