Kaseti ya Mama na Kopo la Dawa ya Viatu

Kaka yangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, na kila alipokuja likizo nyumbani Isansa tulijua kwamba mkobani mwake hapakosi kitu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Mwaka 1985 alileta kitu ambacho hapana mmoja wetu aliyepata kukiona: kinanda kidogo cha kaseti, ukubwa wake kama kitabu cha sala, chenye waya mwembamba uliogawanyika na kuishia katika visahani viwili vya sifongo. Akavivaa masikioni, akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nilisogea karibu, lakini sikusikia ila mchakato mdogo, kama wa panzi aliyefungiwa katika kiberiti.

Baba alimtazama kwa muda, kisha akauliza, "Sasa huo muziki ni wa nani?"

Lilikuwa swali la haki. Kwetu redio ilikuwa mali ya ua mzima. Jioni iliwekwa dirishani, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, na jirani aliyetaka taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam alikuja na kigoda chake. Mtu kusikiliza peke yake mbele ya wenzake ilikuwa kama kula gizani.

Wasiwasi huo haukuwa wa Isansa tu. Kampuni ya Sony ilipoitoa Walkman ya kwanza huko Japani, tarehe 1 Julai 1979, kwa bei ya yen 33,000, mwenyekiti wake Akio Morita alikwisha kuhofu kwamba chombo kile kingeonekana cha utovu wa adabu. Kwa hiyo kikawekewa matundu mawili ya hedifoni, watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa cha kuupunguza muziki ili waweze kuzungumza. Matoleo yaliyofuata yaliachiwa tundu moja. Cha kaka kilikuwa cha tundu moja.

Ndugu msomaji uliyeishi miaka ile utakumbuka kwamba shida kubwa haikuwa chombo bali mawe ya kukiendesha. Betri za National zilitengenezwa Dar es Salaam, lakini kufika duka la kijijini ni jambo jingine. Yaliyochoka tuliyaanika juani juu ya bati, yakapata uhai wa wimbo mmoja au miwili. Na hapana aliyethubutu kurudisha kaseti nyuma kwa kutumia kinanda. Ilichomekwa kalamu ya Bic katika jicho lake, ikazungushwa hewani kama kereng'ende mpaka mkono ukachoka.

Mwaka 1986 kaka alikuja na redio-kaseti yenye kunasa sauti. Akaiweka barazani wakati wanawake wakichambua kahawa, akanasa wimbo mmoja wa Kinyiha. Juu ya kaseti aliandika kwa wino wa buluu: "Mama, Isansa 1986." Mama alifariki miaka miwili baadaye. Kaka naye alipokaribia kufa alinipa kaseti ile, akaniambia niitunze. Niliihama nayo kutoka chumba hadi chumba, Mbeya na Dar es Salaam, ikiwa ndani ya kopo la majani ya chai. Niliisikiliza mara chache sana, maana nilichelea utepe usikatike. Lakini wimbo nilikuwa nao kichwani. Nilipoulizwa juu ya mama yangu, sauti iliyonijia ilikuwa ile.

Baba aliendesha mashine ya kusaga mahindi kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwa amesimama hatua mbili kutoka injini ya dizeli, bila hata pamba masikioni. Nilipokwenda kumwona mwaka 2022, katika Isansa ambayo siku hizi ni ya Mkoa wa Songwe, uliozaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nilikuta tunazungumza kwa kupigiana kelele. "Shikamoo baba" niliirudia mara tatu. Usiku ule niliwaza kwamba kama baba hataisikia sauti ya mkewe sasa, hataisikia tena.

Jambo lilionekana jepesi. Kinanda cha kaka nilikuwa nacho, na katika mitumba ya Tunduma nilipata hedifoni kubwa za zamani, za kufunika sikio zima. Nikarudi Isansa, nikachomeka, nikambonyezea baba. Hakusikia kitu. Nikazivaa mimi, na sauti ilikuwa mbali, kama ya mtu anayeita kutoka bonde la pili. Tena wimbo ulikuwa ukiyumba kama mlevi.

Hapo ndipo nilipomwendea fundi redio mmoja wa Mlowo, mtu wa maneno machache, ambaye meza yake imejaa matumbo ya redio. Alifungua kinanda akanionyesha mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu: ulikuwa umelegea na kuanza kuwa ulimbo. Ndio maana ya kuyumba. Aliubadilisha. Akasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na pamba, pamba ikatoka na rangi ya kutu. Kisha, kaseti ikiendelea kulia, akaigusa kwa bisibisi nyembamba parafujo iliyo ubavuni mwa kichwa hicho, robo ya mzunguko kwa uangalifu, na mara sauti ikang'aa kana kwamba mtu amefungua dirisha. Kaseti inasomwa vizuri pale tu kichwa kinaposimama kwa pembe ileile kilichosimama kile kilichoinasa.

Udhaifu wa sauti ulikuwa na sababu nyingine. Ubavuni mwa hedifoni zangu iliandikwa omu 600. Hedifoni za kawaida za simu huwa na ukinzani wa omu 16 au 32. Kinanda cha mawe mawili kina volti tatu tu za kujiendesha, na zinazofika kwenye tundu ni pungufu ya hapo sana. Kwa volti hizohizo, hedifoni ya omu 600 hupokea chini ya sehemu moja kati ya kumi na nane ya nguvu inayopokewa na ile ya omu 32. "Hii imejengwa kwa mitambo mikubwa," alisema fundi. "Umemfunga punda mkokoteni wa trekta."

Dawa yake ni amplifaya ndogo ya kukaa kati ya kinanda na hedifoni. Michoro yake ni mingi, lakini ule unaopendwa na mafundi wa nyumbani ulisambazwa na Mmarekani Chu Moy mwishoni mwa miaka ya 1990: kipande kimoja cha saketi, vikinza na vihifadhi-umeme vichache, na betri moja ya volti tisa. Wenzetu huko hukiweka katika kopo la peremende. Fundi wetu alitumia kopo la dawa ya viatu ya Kiwi, akalisugua mpaka likanuka sabuni badala ya nta. Siku ya kwanza lilinguruma kama mzinga wa nyuki, kwa sababu bati lenyewe halikuunganishwa na waya wa ardhi. Alipoliunganisha likanyamaza, maana bati likifungwa vizuri huzuia ngurumo za nje.

Na hapa lazima nikiri kosa langu. Mchoro ule hukuza sauti mara kumi na moja, na mimi, kwa pupa, nikamwambia fundi asipunguze. Nilimvika baba, nikazungusha kitufe. Alipiga ukelele, akazitupa hedifoni chini, akakaa ameshika masikio. Sikio lililochoka, kama alivyonieleza baadaye daktari wa Vwawa, lina ujanja wake: sauti ndogo halizisikii kabisa, lakini kubwa huliumiza upesi kuliko sikio zima. Chembe za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena, na hakuna amplifaya ya kuzifufua. Kidogo nimharibie baba hata kile kilichosalia. Nasema haya pia kwa ajili ya vijana wetu wanaopanda daladala na simu imefunguliwa mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 za juma zima. Ikifika desibeli 90, ni saa nne tu kwa juma.

Daktari yuleyule alimchungulia baba masikio, akamtoa nta iliyokuwa imeziba kama kizibo cha kibuyu. Nusu ya uziwi wake ilikuwa hiyo. (Na mimi nilikwisha kutumia fedha kwa fundi kabla ya kutumia nauli kwenda hospitali!) Fundi akashusha ukuzaji hadi mara nne.

Jumapili iliyofuata tulikaa barazani. Nilianza na kitufe chini kabisa, nikakipandisha kidogo kidogo, baba akanionyesha kwa kidole: hapo. Alisikiliza kwa utulivu. Nilingoja machozi, au tabasamu, na hayakuja. Kaseti ilipokwisha akasema,

"Huyu anayeimba ni mama yako mdogo."

Nilimwambia kaka aliandika Mama. Akatikisa kichwa. "Kaka yako alikuwa akimwita yeye pia mama. Mama yako hakujua kuimba. Yuko kule nyuma, sikiliza, anafukuza kuku."

Tundu lilikuwa moja. Tuligeuza sahani moja ya hedifoni kwa nje, tukasogeza vichwa mpaka mashavu yakagusana, yeye upande wake, mimi upande wangu. Wimbo ule nilioubeba zaidi ya miaka thelathini ukapita mbele. Nyuma yake, ndani ya mvumo wa utepe, mwanamke mwenye sauti nzito kuliko nilivyodhani alikuwa akiwakemea kuku watoke kwenye mahindi. Kisha akamwambia mtu aipue chungu. Kisha akacheka.

Wimbo ukaanza kuburuta: mawe yalikuwa yakiisha. Baba aliitoa kaseti, akanyosha mkono mfukoni mwa shati langu, akachomoa kalamu, akaanza kuirudisha nyuma.