Ukitoka Rombo ukafika Kitengela, nani atakuuliza ulikuwa wapi Jumapili?

Safari hii unaijua. Unapanda matatu Illasit au Loitokitok, unapita Kimana, unatokea Emali, kisha unafuata Barabara ya Mombasa hadi Athi River na kukata kushoto kuingia Kitengela. Mgongoni una begi, kwenye simu una namba ya binamu aliyekutangulia. Ila wale watu uliokuwa ukisali nao hawakuingia kwenye begi.

(Nazungumzia Rombo ya Kajiado Kusini, si ile ya Tanzania, ingawa ukiwa pale mpakani si rahisi kujua nani katoka upande gani.)

Kule nyumbani ukikosa ibada Jumapili mbili, lazima mtu aulize. Mzee wa kanisa atakukuta shambani kwenye nyanya na kukusalimia kwa namna ambayo unajua kabisa salamu ina swali ndani yake. Ulichukia hilo. Uliona unachunguzwa.

Sasa uko Kitengela, mji ambao sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000, wengi wao wageni kama wewe, na hakuna anayeuliza. Una shifti kule EPZ, au bodaboda, au mjengo. Jumapili ndiyo siku ya kufua. Makanisa si haba, spika zinashindana ploti hadi ploti, lakini unaweza kuingia, uimbe, utoe sadaka na utoke bila mtu kujua jina lako. Mwezi wa tatu huendi tena. Hujaikana imani, umepoa tu kama chai iliyosahaulika mezani.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walilifikiria jambo hili kitambo. Katika mikutano yao ya 1973 na 1976 waliamua kwamba kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo. Majirani wachache wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Injili ya Jumapili, kisha wanaulizana: nani mgonjwa? Nani hana kodi? Kwa Wapentekoste na wengine utasikia ushirika wa nyumbani au seli. Jina lisikusumbue.

Umuhimu wake unaonekana mambo yakiharibika. Kumbuka Julai 2020, makanisa yalipofunguliwa baada ya kufungwa kwa sababu ya korona: watu 100 tu, saa moja tu, na waliozidi miaka 58 pamoja na watoto chini ya 13 wabaki nyumbani. Yaani nyanya yako, aliyekufundisha kusali, alizuiwa mlangoni. Kwa miezi kadhaa kanisa lilikuwa mikononi mwa watu wa rika lako na wazazi wako. Ungepoa wewe, nani angebaki?

Kisha ukaja ukame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kajiado ng'ombe wakafa mbele ya wenyewe. Mwambie mtu aliyebaki na ngozi tupu kwamba akipanda mbegu atabarikiwa mara mia, uone atakavyokutazama. Mahubiri ya mafanikio hayana la kumwambia mtu huyo. Anayekuja kuketi naye, na pengine kilo mbili za unga mkononi, ndiye anayemfanya arudi ibadani.

Najua utasema nini: kanisa lenyewe limetuangusha. Ni kweli, wanasiasa wamegeuza madhabahu jukwaa, na vijana mlilalamika wazi 2024. Lakini Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza pesa ambazo Rais Ruto alitoa katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe. Kelele zenu zilikuwa na kazi, na zina uzito zaidi zikitoka kwa mtu ambaye bado anakaa kwenye benchi.

Wala simaanishi ukae popote. Shakahola, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu waliodumu na mhubiri wao hadi mwisho. Kwa hivyo angalia: je, katika kundi lako unaweza kuuliza swali bila kuitwa mwasi? Unaweza kuona hesabu ya sadaka? Unaruhusiwa kwenda hospitali? Kama sivyo, toka leo, na utoke na mwenzako.

Kama uko mahali pazuri, usingoje Jumapili. Nenda siku ya jumuiya, jioni, hata na nguo za kazi. Sema jina lako na kwamba umetoka Rombo. Utashangaa ni wangapi watasema, "Hata mimi."

Na kama wewe ndiye uliyetangulia, binamu akishuka stejini wiki ijayo usimwonyeshe tu duka la M-Pesa na mahali pa kuchota maji. Jumatano mpitie, mwende pamoja.