KAMERA YA KIOO YA DARAJA LA KATI: UBORA NA UPUNGUFU WAKE

Mtu aliyekimbia nyumba yake usiku kwa nadra huwahi kuchukua albamu ya picha. Kwa sababu hiyo picha ina thamani ya pekee katika Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Arusi, ubatizo au mahafali ya mtoto yanapopigwa picha pale, mara nyingi huwa ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya jamaa hiyo tangu ilipopoteza zile za zamani. Anayeshika kamera siku hiyo hapewi nafasi ya pili. Akiharibu, bibi arusi hatavaa tena shela ili apigwe upya.

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika utawala wa Rais Kamuzu Banda, ikafanywa makazi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowaunganisha. Askari wa Tanzania waliotumikia Kivu bega kwa bega na wenzao wa Malawi na Afrika ya Kusini, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013, wanazijua vema sehemu walikotoka wengi wa watu hao.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake juu ya baadhi ya vifungu, vikiwemo vya kazi ya mshahara na uhuru wa kwenda popote. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Hivyo kijana anayetaka kujitegemea huko hana budi kutafuta kazi ya mikono yake mwenyewe, na upigaji picha ni moja ya kazi hizo. Swali linalomkabili ni lile lile linalomkabili mpiga picha wa Lilongwe, au kijana wa mstaafu anayetaka kufungua studio karibu na kambi: Je, akiba ya miaka miwili au mitatu iingie katika kamera ya namna gani?

Hapa itachunguzwa ile ya daraja la kati yenye kioo ndani, kama vile Canon EOS 80D iliyotolewa mwaka 2016 au Nikon D7500 ya mwaka 2017. Kamera hizi ni bora kuliko zile za wanafunzi, na bei yake haijafikia ile ya magazeti makubwa na mashirika ya habari.

UBORA WAKE

Ubora wa kwanza ni macho yake. Ndani ya kamera hii mwanga hupita katika lenzi, ukagonga kioo, kisha ukapandishwa hadi kwenye kitundu cha kuchungulia. Mpiga picha huona kitu chenyewe kama kilivyo, bila kuchelewa hata kidogo. Akibonyeza kitufe, kioo huruka juu, kipazia kiitwacho shata hufunguka, na mwanga huangukia kwenye sensa, yaani kile kibamba kinachoshika picha mahali pa filamu ya zamani. Sensa ya 80D ina upana wa kama milimita 22 na kimo cha kama milimita 15. Ni kubwa mara nyingi kuliko ya simu, na ndiyo maana picha iliyopigwa ndani ya kanisa lenye giza haijai chenga kama ile ya simu.

Picha yake ina megapikseli 24.2. Kwa lugha nyepesi, inaweza kuchapwa kwa upana wa sentimita 50 na bado nywele za mtoto zikahesabika. Kwa picha ya kitambulisho au ya albamu, uwezo huo unatosha na kusalia.

Ubora wa pili ni uvumilivu wa betri, na jambo hili lina uzito wake nchini Malawi. Mwezi Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha umeme wa maji cha Kapichira, na nchi ikapoteza karibu megawati 130 kwa mkupuo. Watu walikaa gizani kwa saa nyingi. Betri moja ya 80D iliyojaa hupimwa kuwa inaweza kupiga picha 960 mtumiaji akichungulia kwenye kitundu. Lakini akitumia skrini ya nyuma muda wote, hesabu hiyo hushuka hadi picha 300. Mpiga picha mwenye betri mbili, na mwenye desturi ya kuchungulia badala ya kutazama skrini, anaweza kumaliza arusi nzima bila kuulizia umeme.

Ubora wa tatu ni wepesi wa kazi. Kamera hii hupiga picha 7 kwa sekunde moja, na ina vituo 45 vya kulenga ili picha isitoke na ukungu. Skrini yake hugeuka na kufunguka pembeni. Ina tundu la maikrofoni na tundu la spika za masikioni, hivyo mwenye kupiga filamu ya hotuba husikia kama sauti inaingia sawasawa.

Ubora wa nne ni kwamba lenzi zake hubadilishwa, tena lenzi za miaka mingi iliyopita bado zinaingia. Ndogo ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ina uzito wa gramu 160 tu, na ni miongoni mwa zile za bei nafuu. Tundu hilo hupitisha mwanga karibu mara 10 kuliko f/5.6, ambayo ndiyo kikomo cha lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 135 inapovutwa mpaka mwisho. Kwa mwenye fedha chache, lenzi hiyo ndogo humfaa ndani ya nyumba kuliko kubadilisha kamera nzima.

UPUNGUFU WAKE

Upungufu mkubwa kupita wote hauonekani dukani. 80D ina nafasi moja tu ya kadi ya kumbukumbu. D7500 nayo ina moja, ingawa iliyoitangulia, D7200 ya mwaka 2015, ilikuwa na mbili. Penye nafasi mbili, kila picha huandikwa mara mbili papo hapo. Penye moja, kadi ikifa saa tisa alasiri, arusi yote tangu asubuhi imekufa nayo. Dawa yake ni kununua kadi za kampuni inayojulikana, kutumia kadi kadhaa ndogo badala ya moja kubwa, na kuzibadilisha katikati ya shughuli. Usiku huo huo, kabla ya kulala, picha zinakiliwe mahali pawili. Kadi isifutwe mpaka mteja apokee kazi yake.

Upungufu wa pili ni filamu. 80D haipigi kwa kiwango cha 4K, ambacho siku hizi hata simu nyingi zinacho. D7500 inacho, lakini hutumia sehemu ya katikati tu ya sensa, na kwa hiyo picha husogea karibu na chumba kidogo hakienei. Tena 80D hukoma yenyewe kila inapofika dakika 29 na sekunde 59. Mahubiri na hotuba za viongozi hazijui mpaka huo. Mpiga picha hana budi kutazama saa yake, akate mwenyewe wakati wa wimbo au makofi, kisha aanze tena.

Upungufu wa tatu ni uzito. Mwili wa 80D pamoja na betri ni gramu 730. Ukiongeza lenzi ile ya milimita 18 hadi 135, mzigo hufika kilo moja na robo. Kwa nusu saa si kitu, lakini kwa saa nane zenye jua la Oktoba, mkono huanza kutetemeka na picha nazo hutetemeka.

Wa nne ni vumbi. Kila lenzi inapotolewa, mlango wa sensa umeachwa wazi. Toka Mei hadi Oktoba Malawi haina mvua za maana, na njia za udongo za Dzaleka hupeperusha vumbi jekundu. Kamera ina mtikisiko wa kujisafisha, lakini hautoshi. Lenzi ibadilishwe ndani ya nyumba, kamera ikitazama chini, na isipulizwe kwa mdomo, maana mate huleta doa baya kuliko vumbi. Msimu wa mvua nao una yake. Mwili wa kamera hizi huvumilia manyunyu, si mvua, na lenzi nyingi za bei ya kati hazina kizuizi cha maji hata kidogo.

Wa tano unatokana na upimaji wa mwanga. Mita ya kamera hudhani kwamba kila kitu duniani kina rangi ya wastani. Shela jeupe likijaza picha, kamera huipunguza nuru, na sura ya bibi arusi mweusi hupotea gizani. Ubaya huo huo hutokea mtu akisimama mbele ya bati linalong'aa. Mpiga picha aongeze nuru kwa hatua moja au zaidi, atazame uso kwanza, nguo baadaye.

KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Makampuni makubwa sasa yameelekeza nguvu katika kamera zisizo na kioo. Jambo hili lina pande mbili. Lenzi mpya za kamera za kioo zitazidi kuwa chache, lakini zilizotumika zimeshuka bei. Kwa Malawi unafuu huo ni wa maana, kwa sababu mwezi Novemba 2023 dola iliyokuwa ikiuzwa karibu kwacha 1,180 ilipandishwa hadi kama 1,700. Kila chombo kitokacho nje kikapanda nayo.

Mnunuzi asisafiri hadi Lilongwe akaridhishwa na ganda linalong'aa. Kwanza aulize kipazia cha shata kimefunguka mara ngapi. Cha 80D kilijaribiwa kwa mara 100,000. Anayepiga picha 500 kila Jumamosi hutumia 26,000 kwa mwaka, na atafika kikomo hicho kabla ya miaka minne kutimia. Kamera yenye hesabu ya 90,000 si akiba, ni deni.

Pili, apige picha ya ukuta mweupe akiwa amefunga tundu hadi f/16. Madoa meusi yakijitokeza mahali pale pale katika kila picha, sensa ni chafu au imekwaruzwa. Tatu, amulike lenzi kwa tochi. Akiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, na inaweza kuhamia lenzi nyingine zikiwekwa pamoja. Nne, afungue mlango wa betri. Betri iliyovimba au ya bandia irudishwe. Tano, aweke kadi yake, apige picha 20 mfululizo, kisha azifungue zote mbele ya muuzaji. Risiti yenye namba ya kamera ni lazima. Itamwokoa mwenye mali siku askari atakapouliza aliipata wapi, na itamsaidia askari huyo huyo kuirudisha ikiibwa.

KAMERA NA HESHIMA

Chombo hiki kina nguvu, na nguvu ina adabu yake. Jamaa za askari hawahitaji kukumbushwa kwamba kambi za jeshi, vituo vya polisi na viwanja vya ndege havipigwi picha bila ruhusa. Katika makazi ya wakimbizi ipo tahadhari nyingine. Mtu aliyemkimbia adui hapendi uso wake uzagae mahali adui anapoweza kuuona. Katika Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa Dzaleka mwaka 2014 na ambalo huvuta wasanii na wageni kutoka Lilongwe na nchi za nje, kamera ni nyingi na furaha ni kubwa. Hata hivyo anayecheza jukwaani amejitokeza kwa hiari yake. Mama anayechota maji nyuma ya jukwaa hakujitokeza, na inafaa aombwe kwanza.

HUKUMU

Kwa anayetaka picha za watoto nyumbani tu, simu nzuri inatosha, na fedha zilizobaki zilipe ada ya shule. Kwa anayetaka filamu za 4K za muziki, 80D haifai. Lakini kwa anayekusudia kula kwa jasho la kupiga picha za arusi, mahafali na vitambulisho, kamera ya kioo ya daraja la kati iliyotumika kidogo ni chombo cha kutegemewa. Sharti bajeti igawanywe tangu mwanzo. Isiishie kwenye mwili wa kamera, bali ibakishe fungu la lenzi ya milimita 50, betri ya pili, kadi tatu nzuri, mfuko usiopitisha maji na mahali pa kuhifadhia nakala.

Na kila mteja apewe walau picha chache zilizochapwa kwenye karatasi. Simu hupotea na kadi hufa. Picha ya karatasi inaweza kushonwa ndani ya pindo la nguo, na mwenye nayo akalazimika kuondoka tena, itaondoka naye.