Pumzi ipo, lakini damu yakosa oksijeni

Watu wengi hudhani kuwa mgonjwa anayehema kwa kasi anapata hewa ya kutosha. Huenda hewa inaingia kifuani kweli, lakini damu ikatoka mapafuni na oksijeni haba.

Mapafu yana mamilioni ya vifuko vya hewa, kila kimoja kikizungukwa na mishipa myembamba ya damu. Mtu mzima aliyetulia huingiza humo lita 4 hivi za hewa kwa dakika, na moyo hupitisha lita 5 hivi za damu. Hiyo yatosha, mradi hewa na damu zikutane.

Katika nimonia, baadhi ya vifuko hujaa majimaji na usaha. Damu hupita hapo na kuondoka mikono mitupu. Mwili hubana mishipa ya sehemu hiyo ili damu ielekee kwenye vifuko vizima, lakini maradhi yakizidi, mbinu hiyo hushindwa.

Je, kwa nini vifuko vizima visifidie upungufu huo mgonjwa akihema zaidi? Chembe nyekundu ya damu ni kama matatu ya viti 14. Ikijaa imejaa, na haijui abiria wa kusimama kama wanavyojua makanga wetu! Matatu zilizopita kituo kisicho na watu hubaki tupu, hata kituo cha pili kikifurika. Kuhema sana huondoa kaboni dioksidi, lakini hakuongezi viti.

Kinyume chake pia hutokea. Damu iliyoganda mguuni ikisafiri na kuziba mshipa wa pafu, hewa hufika pasipo na damu, nayo damu husongamana kwenye vifuko vingine ambavyo hewa yake haiitoshi.

Oksijeni ya hospitali husaidia sana pale vifuko vinapopata angalau hewa kidogo. Vikizibwa kabisa, haifiki. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa Covid-19 walilazwa kifudifudi mwaka wa 2020, ili vifuko vya upande wa mgongoni vifunguke.

Mzazi asingoje midomo ibadilike rangi. Mhesabie mtoto pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mara 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, yaweza kuwa nimonia. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, mkimbize hospitali, na uombe apimwe oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni. Ikiwa chini ya asilimia 90, anahitaji kuwekewa oksijeni papo hapo.