Kikohozi kisichoisha

Katika vikundi vyetu hakosi mtu anayekohoa tangu mvua ilipoanza, na kila mkutano anasema ni homa tu. Tumwambie ukweli: kikohozi kikifika wiki 2, aende apimwe makohozi. Kama anakonda, jasho linamlowesha usiku, au anatema damu, asingoje hizo wiki 2. Mwenye virusi vya ukimwi pia asingoje. Huenda ni kifua kikuu, yaani TB. Si kurogwa, wala si ugonjwa wa ukoo. Viini vyake hupita kwa hewa mgonjwa akikohoa, si kwa vyombo, kwa hivyo kumtengea sahani yake ni kumwonea bure.

Katika vituo vya serikali kupimwa ni bure na dawa ni bure. TB ya kawaida ya mapafu hutibiwa miezi 6, na hapo ndipo wengi wetu hukosea. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi, basi mtu anasema amepona, anaacha vidonge. Viini vilivyobaki huweza kuzoea dawa, na TB hiyo sugu ni kazi kubwa kuitibu. Wengine huacha wakiona mkojo umekuwa mwekundu. Jamani, hiyo si damu, ni rangi ya dawa iitwayo rifampisini! Lakini macho yakigeuka manjano, arudi kliniki siku hiyo hiyo.

Kikundi kimchague jirani wa kumwona akimeza vidonge kila siku. Madirisha yafunguliwe, na watu wa nyumba hiyo wapelekwe kupimwa, kwanza watoto wa chini ya miaka 5.