Tovuti nne, kichwa kimoja: Utazimalizaje?

NI saa saba usiku mtaani Annex, Eldoret. Wenzako wamelala. Wewe bado umeikodolea macho kompyuta, chai imepoa kando yako. Simu ina jumbe tatu ambazo hujazijibu. Mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi anauliza tovuti ya shule yake itakuwa tayari lini. Mwenye duka la mbegu na mbolea anauliza hilo hilo. Mama mwenye nyumba ya wageni kule Iten haulizi tena. Anakuambia tu kwamba amechoka.

Wote watatu walikulipa nusu ya pesa. Nusu hizo zimekwisha kwa kodi ya nyumba, intaneti na karo ya mdogo wako. Na jana ukapokea kazi ya nne, si kwa sababu ulikuwa na nafasi, bali kwa sababu ulihitaji nusu yake.

Iwapo umewahi kujipata katika hali hii, makala haya ni yako. Na iwapo wewe ni mzazi na mwanao ndiye huyo asiyelala, yasome pia.

Kazi yenyewe si haba. Tangu nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, kijana mwenye kompyuta moja ameweza kuwatengenezea watu tovuti akiwa chumbani mwake. Malipo hupitia M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka wa 2007. Nayo Eldoret imepanuka hadi kupewa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024. Maduka, shule, kliniki na nyumba za wageni zote zinataka kuonekana. Tatizo la wengi, basi, si kukosa kazi. Ni kuzishika zote kwa mkupuo. Wahenga walionya kuwa mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika nne!

Jifunze kwa mwenye trekta

Nenda Ziwa, Moiben au Soy mwezi wa Machi, mvua ikikaribia. Mwenye trekta ya kukodisha huitwa na wakulima wengi kwa wakati mmoja. Je, umewahi kumwona akilima mistari mitatu kwa huyu, kisha akashika barabara kwenda kulima mistari mitatu kwa yule? Huingia shamba moja, akalimaliza, akachukua pesa zake, akaenda kwa jirani. Anayengoja anajua yeye ni wa ngapi kwenye foleni. Huenda akanung'unika, lakini hadanganywi.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme una tovuti tatu, kila moja ikihitaji siku tano. Ukizifanya kwa zamu, leo hii, kesho ile, ya kwanza itakamilika siku ya 13, ya pili siku ya 14, na ya tatu siku ya 15. Ukimaliza moja kabla ya kugusa nyingine, zitakamilika siku ya 5, ya 10 na ya 15. Tazama vizuri: mteja wa tatu hajapoteza hata siku moja. Wa pili amepata yake siku nne mapema, na wa kwanza siku nane. Nawe unapokea salio la kwanza siku ya tano badala ya kungoja hadi ya 13.

Hapo hata hatujahesabu uchovu wa kurukaruka. Mwaka wa 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mtu anapoiacha kazi kabla haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwa ile ya kwanza. Mwili uko kwenye duka la mbolea, akili ingali shuleni.

Moja mezani, moja kwa mteja, moja foleni

Hata hivyo, kutengeneza tovuti hakufanani na kulima kwa kila jambo. Kazi hii ina kungoja kwingi. Utangoja picha za madarasa, orodha ya bei, na idhini ya mwenye duka aliyesafiri. Ukikaa bure ukingoja, utalala njaa.

Kwa hivyo jiwekee kanuni hii. Kazi moja iwe mezani, ndiyo unayoifanya leo. Moja iwe kwa mteja, inangoja picha au jibu lake. Moja iwe foleni, na mwenyewe anajua tarehe yako ya kuianza. Ikija ya nne, taja siku ambayo kwa kweli utaipata nafasi. Asipoweza kungoja, mpe mwenzako kazi nzima.

Nasema nzima, wala si kipande. Frederick Brooks, Mmarekani aliyeongoza kazi kubwa za programu katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka wa 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Muda utakaotumia kumweleza rafiki ulipofikia ni muda ambao ungeutumia kufanya kazi.

Nani atangulie? Usimtangulize anayepiga kelele zaidi. Tazama kalenda ya kila mmoja. Ikiwa sasa ni Novemba, shule inataka wazazi wa Januari. Mwenye mbegu anawataka wakulima kabla ya msimu wa kupanda wa Machi na Aprili. Mama wa Iten, ikiwa hana tarehe inayombana, anaweza kukubali kuwa wa tatu, mradi uongee naye.

Isitoshe, kabla ya kuanza, andikianeni. Kurasa ngapi? Marekebisho mara ngapi? "Niongezee tu kitu kidogo" ndiyo mlango ambao kazi ya siku tano hupitia ikawa ya mwezi. Kumbuka pia kuwa tovuti iliyokwisha haijakwisha: jina lake hulipiwa kila mwaka, na programu zake huhitaji kuhuishwa. Tenga siku moja ya juma kwa wateja wa zamani.

Pesa usiyoifanyia kazi

Malipo ya kwanza ndiyo mtego mkubwa. Ukiyatumia kabla ya kuianza kazi, utatafuta mteja mpya ili umhudumie wa zamani, na deni litazaa deni. Omba ulipwe kwa hatua tatu: unapoanza, unapomwonyesha mteja rasimu, na kabla ya kuifungua tovuti kwa umma. Wala usipokee hatua ya kwanza mpaka zamu yake ifike.

Kwako mzazi, kijana aliye nyumbani mbele ya kompyuta si lazima awe anacheza. Ukimtuma sokoni mara nne kwa asubuhi moja kwa kuwa "si uko tu hapa," umemkatiza mara nne. Kubalianeni saa zake za kazi, naye akupe saa zako. Nawe mwanafunzi, mtihani ni mteja pia. Uweke kwenye foleni kabla ya wote, kwa kuwa tarehe yake hubembelezi ikasogea.

Sasa rudi kwa zile jumbe tatu. Kukipambazuka, kabla ya kufungua kompyuta, zijibu. Mwandikie hivi: "Mwalimu, naomba radhi kwa kimya changu. Nilipokea kazi nyingi kuliko uwezo wangu. Yako naianza Jumatatu, na Ijumaa nitakuonyesha nilipofika." Mwandikie mwenye duka tarehe yake, na mama wa Iten yake. Yule wa nne, ikiwa pesa zake bado unazo, mrudishie au mtajie siku ya kweli.

Huenda mmoja wao akafoka, na huenda mmoja akaondoka. Ahadi ni deni, na kwa anayekudai, kimya chako ni kibaya kuliko habari mbaya.