Mpangaji wa Masisi hapandi mti

Kutoka Sake ukipanda kuelekea Mushaki, milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, ni kijani kuanzia bondeni hadi kileleni, na mgeni hachelewi kusema kwamba amefika Uswisi. Sisi wa Goma tumeizoea sifa hiyo wala hatubishi, maana jibini nayo ni tamu. Lakini kijani kile ni nyasi tupu. Ndani ya senyenge wamo ng'ombe. Nje yake, kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huipanda kwa kujihadhari, kuna maharagwe na mahindi. Mvua kubwa ikinyesha, vijito vinageuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo rutuba ya Masisi inayokwenda zake.

Mara kwa mara hutokea afisa au mfadhili akawahimiza wakulima wapande miti. Wanaitikia kwa heshima. Ukirudi mwaka unaofuata, miti haipo. Watu wa mjini husema ni uvivu. Mimi nasema wamepiga hesabu.

Wengi wanaolima miteremko ile hawalimi ardhi yao. Mashamba makubwa yalianzishwa enzi za Wabelgiji. Mwaka 1973 Mobutu alipowanyang'anya wageni mali zao, mengi yakaangukia mikononi mwa vigogo na wafanyabiashara. Mwaka huohuo, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola. Hesabu moja ambayo watafiti huinukuu sana inasema kwamba kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, familia 512 zilikuwa zimeshika asilimia 58 ya ardhi ya Masisi. Waliobaki huomba kipande ndani ya ferme, yaani mashamba hayo makubwa, wakakilipia kwa fedha, kwa sehemu ya mavuno au kwa salongo: siku kadhaa za kazi kwa mwenye shamba.

Masharti ya makubaliano hayo ya mdomo hayatofautiani sana. Panda kinachovunwa msimu huu. Migomba hapana, kahawa hapana, mti hapana kabisa. Mti hukaa miaka, na mtu ambaye mti wake umekaa miaka anaweza kuamka siku moja akadai na udongo ulio chini yake. Mwenye ferme anauogopa mti kuliko anavyouogopa mmomonyoko.

Serikali za kwingine zilikwisha kuona kwamba mkulima hahifadhi kwa kuhubiriwa. Tangu 1985 Marekani huwalipa wakulima kila mwaka ili waipumzishe ardhi inayomomonyoka kirahisi, kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15. Costa Rica huwalipa wenye misitu tangu 1997, na sehemu ya fedha hizo hutoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Karibu nasi zaidi, huko Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kimaasai dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Wao walitakiwa wasijenge uzio, wasiuze ardhi vipandevipande, na wawaache nyumbu na pundamilia wapite. Kilichonivutia ni tarehe za malipo: mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa. Mzazi aliyezoea kuuza mbuzi ili alipe karo akapata sababu ya kumvumilia pundamilia. Fedha zilikuwa za wafadhili. Zilipokwisha, malipo yakakatika. Tusisahau lakini kwamba Mmaasai wa Kitengela alikuwa na hati ya shamba lake, na hapo ndipo Masisi inapoachwa nyuma.

Sisi nasi tuna mfano wetu. Mwaka 2007 shirika la WWF, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, lilianzisha EcoMakala katika Kivu Kaskazini. Nia ilikuwa kupunguza makala yanayochomwa ndani ya Hifadhi ya Virunga kwa kuwasaidia wakulima, kupitia vyama vyao, wapande mikaratusi, grevilea na akasia mashambani mwao. Maelfu ya hekta zilipandwa, na mkaratusi wa miaka sita au saba huweza kuchomwa makala au kuuzwa nguzo. Ulikuwa mpango mzuri, nausifu. Ila ulimhitaji mtu mwenye pa kuchimba shimo, na mpangaji wa ndani ya ferme hana.

Sheria nayo inasukuma upande mbaya. Aliyepewa konsesioni ya ardhi ya dola anatakiwa aiendeleze. Ardhi iliyolala inaweza kurudi kwa dola. Kwa hiyo anayeacha kilima kiote msitu anaonekana ameitelekeza ardhi, na anayefyeka akaingiza ng'ombe anaonekana ametimiza wajibu. Ama ardhi za mila, kifungu cha 389 cha sheria ileile ya 1973 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wanaozikalia. Miongo ilipita bila amri hiyo kutoka.

Watu wa Walikale, jirani na Masisi, wana mlango ambao mpangaji wa ferme hana. Kanuni ya misitu ya 2002, kifungu cha 22, inairuhusu jamii kupewa msitu inaoushika kimila, na dekreti ya Agosti 2014 ikaweka ukomo wa hekta 50,000, bure na bila mwisho wa muda. Huko Nkuba, tangu 2012, Dian Fossey Gorilla Fund inafanya kazi na familia zenye misitu ya mababu, na vijana wa vijijini wameajiriwa kufuatilia gorila. Baba ambaye mwanawe analipwa kwa sababu ya msitu hamwiti mchoma makala.

Mnamo Januari 2025 Kinshasa ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi mji mkuu, wenye zaidi ya kilomita za mraba 540,000. Kabla mwezi haujaisha, Masisi-centre na Goma zilikuwa mikononi mwa waasi wa M23. Wapo watakaosema basi tusubiri amani. Sikubali. Vita vilivyoanza 1993 kwenye soko la Ntoto, Walikale, vikaenea hadi Masisi, vilikuwa na ugomvi wa ardhi ndani yake. Kuiahirisha ardhi ni kuiahirisha amani yenyewe.

Na kuna jambo ambalo halihitaji ndege ya kwenda Kinshasa. ACOGENOKI, chama cha wafugaji wa jimbo hili, kinaweza kuandika mkataba mmoja wa mfano: mpangaji apewe ukanda wa mteremko kwa miaka kumi, achimbe mitaro ya kuzuia maji na kupanda miti, miti iwe yake, udongo ubaki wa mwenye ferme, na chifu wa kijiji ashuhudie. Serikali ya jimbo, kwa upande wake, impunguzie mwenye ferme kodi kwa kila hekta iliyopandwa hivyo.

Masisi haikupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita. Siku itakapopiga, kila atakayekuja kuomba kura aulizwe kuhusu mkataba huo, na waulizaji wawe wapangaji wenyewe.